Anayekataa kushika kifaa asichofundishwa, msimlaumu

Hapa Songea, kuanzia Bombambili hadi Lizaboni, kila anayevaa koti jeupe huitwa daktari. Mhudumu wa zahanati ni daktari, muuza dawa ni daktari, na kijana aliyefanya usafi wodini mwaka mmoja naye akirudi nyumbani ni daktari. Sina ugomvi na heshima hiyo. Ugomvi wangu ni pale heshima inapogeuka kuwa amri: "Wewe si daktari bwana, hebu mchome mama sindano hii." Akijibu kwamba hajafundishwa, ataambiwa ana maringo, au anataka apewe fedha kwanza, au hana huruma na ndugu zake. Mimi nasema huyo anayekataa ndiye aliyemhurumia mama.

Nianze na sindano kwa sababu ndiyo inayodharauliwa kuliko vifaa vyote. Ndani ya kalio umepita mshipa wa fahamu ulio mnene kuliko yote mwilini, nao ndio unaoshuka hadi kwenye unyayo. Aliyesomea hulichukua kalio akaligawa mafungu manne kwa macho yake, akachoma fungu la juu la nje. Asiyesomea huchoma penye nyama. Mtoto huingia na homa, hutoka akiburuta mguu, na wazazi husema amerogwa. Wilayani Kumi, mashariki ya Uganda, madaktari wamekuta watoto wengi ambao misuli ya makalio imekakamaa hata hawawezi kuchuchumaa, na wameihusisha hali hiyo na sindano walizochomwa udogoni.

Tena kuna maradhi yanayopita ndani ya bomba. Mwishoni mwa 2014, katika kijiji cha Roka nchini Kambodia, iligundulika kwamba watu zaidi ya 200 wameambukizwa virusi vya UKIMWI, wakiwamo watoto na wazee. Aliyekuwa akiwatibu hakuwa na leseni, na alikuwa akirudia mabomba. Desemba 2015 alihukumiwa kifungo cha miaka 25. Wanakijiji walikuwa wakimwamini kabisa.

Nasi Ruvuma tuna habari yetu. Mwaka 2003 mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzia katika mkoa huu kabla ya kuenea nchini, ukachukua nafasi ya yale tuliyoyaita maduka ya dawa baridi. Wauzaji walipewa mafunzo ya wiki kadhaa, na ulikuwa msaada mkubwa kwa vijiji vilivyo mbali na zahanati. Lakini walifundishwa kutoa dawa, kumweleza mgonjwa namna ya kuitumia, na kumtambua anayestahili kupelekwa hospitali. Hawakupewa ruhusa ya kumtundikia mtu dripu nyuma ya pazia. Dada wa dukani akikwambia "hilo nenda kituoni," usimwendee jirani yake ambaye hana neno hilo.

Kuna zahanati moja niliyowahi kufanya kazi, ikaletewa na wahisani mashine ya ultrasaundi. Dua ikasomwa, na kesho yake kina mama wajawazito wakajaa kwenye benchi. Nikawaeleza wazee wa kamati kwamba sikusomea kuitumia. Mzee mmoja ninayemheshimu kama baba akaniambia, "Mwanangu, si picha tu hiyo? Angalia kama mtoto yupo."

Picha ile haisemi yenyewe, mzee wangu. Mimba iliyotunga nje ya kizazi yaweza kumpita asiyefundishwa, akamwambia mama "uko salama." Siku mrija ukipasuka damu inavujia tumboni, na mama atavumilia maumivu nyumbani kwa sababu aliambiwa hana tatizo. Asingepimwa kabisa, wasiwasi wake mwenyewe ungemleta hospitali mapema. Tuliwaandikia rufaa, na baadhi walinuna. Sikuwalaumu, nauli kwa mwenye kulima vishamba viwili si jambo dogo. Mashine ilikaa imefunikwa shuka miezi saba, mpaka mwenzetu mmoja alipopelekwa kusoma. Ndiyo maana nawaomba wafadhili na kamati zetu: mnaponunua mashine, tengeni na ada ya mtu wa kuisomea. Bila hiyo mmenunua pambo.

Wengine husema oksijeni ni hewa tu, itamdhuru nani? Katika miaka ya 1940 na 1950 maelfu ya watoto njiti, wengi wao Marekani, walipofuka kwa kupewa oksijeni nyingi kupita kiasi. Waliowapa walikuwa madaktari kamili, ila kipimo kilikuwa bado hakijajulikana. Itakuwaje kwa anayefungua mtungi kwa kukisia?

Katika dini yetu jambo hili si geni. Imo katika Sunan Abu Daud hadithi ya kwamba anayejitia utabibu ilhali hajulikani kwa utabibu, dhamana ya madhara ni juu yake. Imo pia habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, wenzake wakamwambia hana ruhusa ya kuacha kuoga janaba, akaoga akafa. Mtume (s.a.w.) aliwalaumu vikali kwa kutouliza wasilolijua. Nia yao ilikuwa njema.

Najua nitaambiwa habari ya dharura. Dharura yaweza kukuhalalishia tendo, lakini haikupi ujuzi. Damu ikitoka, bana jeraha kwa kitambaa safi na usiachie. Aliyezimia lakini anapumua, mlaze ubavu. Tafuta usafiri. Hayo hayahitaji mashine.

Wala sisemi kila kifaa kisishikwe nyumbani. Kipimo cha presha cha betri na kipimo cha sukari vyaweza kutumiwa na familia iliyoelekezwa. Ninyi mnaouguza wazazi wenye kisukari, mwombeni muuguzi wa kliniki awaoneshe namna ya kuchoma insulini, kisha mfanye wenyewe mbele yake mara mbili tatu, aone mnavyoshika. Na insulini ina mabomba yake yenye alama za yuniti. Bomba la kawaida lisitumike badala yake, hata kama duka zima limeishiwa.