Elimu bila amali itatuacha njiani

Wahenga walinena kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, lakini sikuifahamu barabara hadi siku moja ya Agosti mwaka wa 2019, nilipojikuta nimesimama kando ya pikipiki yangu katika jangwa la Chalbi, baina ya Kalacha na North Horr, jua likiwa la utosi nami nikiwa na spana mkononi nisijue pa kuianzia.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nimewafundisha vijana wengi habari za nguvu, msuguano na umeme, na si haba waliopita mtihani. Pikipiki yangu ni ya safari ndefu, yenye injini ya sentimita 250 za ujazo, magurudumu marefu na springi za kuhimili njia mbovu. Kwa mihula miwili niliweka akiba ili niiboreshe kabla ya kwenda Loiyangalani. Nikanunua makasha mawili ya alumini, taa mbili kubwa za ziada na kioo kirefu cha kukinga upepo. Majirani waliposimama kuitazama, moyo wangu ulifurika fahari.

Mnyororo nao niliubadilisha mwenyewe jioni ya kuamkia safari, kwa haraka, chini ya mwanga hafifu. Laiti ningalijua!

Kutoka Isiolo hadi Marsabit sikuona taabu. Barabara ile, iliyokuwa ikiwatisha madereva kwa mawe na vumbi, siku hizi ni lami tupu hadi Moyale. Taabu ilianza nilipoiacha lami na kushika njia ya Maikona. Matuta madogo madogo yaliyopangana kama mbavu yaliitikisa pikipiki kutwa nzima, na mtikiso wa namna hiyo hulegeza kila kisichokazwa. Baada ya Kalacha nikasikia mlio mdogo upande wa nyuma: ta, ta, ta. Kusimama na kutazama, nikakuta kibanio cha kiungo cha mnyororo kimetoweka, na bamba la kiungo hicho linakaribia kuchomoka. Lau mnyororo ungekatika nikiwa mwendoni, ungeweza kujisokota na kulifunga gurudumu la nyuma, na pengine nisingekuwa hapa kuyaandika haya.

Nilikaa pale muda wa saa nzima. Hatimaye akatokea kijana juu ya pikipiki ndogo ya kubebea abiria. Baada ya kuamkiana na kuelezana tulikotoka, alichutama, akautazama mnyororo, kisha akaniuliza: "Mwalimu, ulipofunga kibanio, mdomo wake uliuelekeza wapi?"

Nilinyamaza kama mwanafunzi asiyefanya kazi ya ziada. Sikujua kwamba mdomo una pa kuelekea.

Kijana akanieleza kwa upole. Kibanio hicho kina umbo la samaki: kichwa kimefumba na mkia umepasuka. Kichwa sharti kitangulie kuelekea unakokwenda mnyororo, ili jiwe au kijiti kikikigonga kisikisukume kutoka mahali pake. Mimi nilikifunga kinyume. Alilirudisha bamba kwa koleo, akazungusha waya mwembamba kwenye vijifuo vya pini, akaukaza na kuniamuru niende polepole hadi North Horr. Alipokuwa akifunga mkoba wake wa vyombo, alizitupia jicho taa zangu na kusema kwa tabasamu, "Umebeba duka zima, Mwalimu, lakini kibanio cha akiba huna."

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli. Nimeyatafakari tangu siku ile, na ningependa kuwashirikisha walimu wenzangu na wanafunzi katika niliyojifunza.

Kwanza, utunzaji hutangulia uboreshaji. Mwenye pikipiki ya safari asikimbilie mapambo kabla hajazoea kazi ndogo za kila mara: kusafisha mnyororo na kuutia mafuta, kuhakikisha haukukaza wala haukulegea kupita kipimo cha kitabu chake, ambacho kwa pikipiki nyingi ni milimita 30 hadi 40, kufua kichujio cha hewa baada ya vumbi, kikiwa ni cha sifongo, kupima upepo wa magurudumu, kuzikagua breki na kuzikaza skrubu. Maji ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa, na aghalabu watengenezaji huagiza yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Kazi hizi hazina fahari, wala hakuna jirani atakayesimama kuzitazama. Lakini asiyeziba ufa atajenga ukuta, tena ataujenga jangwani.

Pili, kila nyongeza ina gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Kitabu cha pikipiki yangu kinaruhusu mzigo wa kilo 160 kwa jumla. Niliporejea nyumbani nilifanya hesabu ambayo ingenipasa kuifanya kabla ya kuondoka. Mwili wangu ni kilo 82. Makasha na vilivyokuwamo, kilo 48. Maji na petroli ya akiba, kilo 30. Hema na chakula, kilo 14. Jumla ni kilo 174. Nilikuwa nimevuka mpaka, na springi zilikuwa zikilalamika njia nzima. Taa nazo ni vivyo hivyo. Ikiwa jenereta ya injini hutoa wati 200, na pikipiki yenyewe inahitaji 130, zinabaki 70. Taa mbili za wati 55 zinadai 110. Pengo la wati 40 hulipwa na betri, nayo haichelewi kufa. Hesabu hii yaweza kufanywa na mwanafunzi wa kidato cha pili, ilhali mwalimu wake hakuifanya.

Sisemi kwamba uboreshaji ni dhambi. Springi zinazolingana na uzito wa mpandaji, bamba la kukinga injini dhidi ya mawe na matairi yanayofaa njia ni matumizi ya busara. Lakini haja ya kweli ndiyo iyaagize, wala si tamaa ya macho. Mwandishi Ted Simon aliondoka London mwaka wa 1973 akaizunguka dunia, akipitia Kenya yetu, na kurejea mwaka wa 1977. Alisafiri kwa Triumph ya kawaida ya sentimita 500 za ujazo. Katika miaka hiyo minne chombo chake hakikuwa na anasa nyingi za leo, naye alilazimika kukijua.

Tatu, na hili ndilo linalonikera zaidi, sisi walimu tumeitenga mikono na akili. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 uliahidi kumpa mwanafunzi ujuzi wa kazi, lakini shule nyingi zilikosa karakana na vifaa, na ahadi ikabaki vitabuni. Mtaala wa sasa wa umilisi umeirudia ahadi ileile kwa jina jingine. Haitatimia ikiwa mwalimu mwenyewe anaona haya kuchafua vidole kwa grisi.

Kijana yule wa Chalbi sikumuuliza alisoma hadi wapi. Najua tu kwamba swali alilonitungia lilikuwa zuri kuliko mengi niliyowahi kuwatungia wanafunzi wangu: fupi, lenye jibu moja, na asiyelijua hubaki jangwani.

Tangu wakati huo, kila muhula unapofunguliwa huiingiza pikipiki yangu katika uwanja wa shule, nikawapa wanafunzi spana na kitabu chake. Wao ndio huukagua mnyororo. Walimu wenzangu wenye pikipiki wafanye vivyo hivyo. Haidai fedha wala kibali cha wizara. Nanyi wanafunzi, msiridhike kutazama tu fundi anapofanya kazi. Mwombeni awaachie spana mjaribu, kisha mwulizeni mdomo wa kibanio huelekea wapi, na kwa nini.