Tuhesabu Gharama Kabla ya Kusema Amina

Kuna usemi umeingia makanisani mwetu hapa Mwanza, kuanzia Nyegezi hadi Buswelu, na sasa unasemwa kana kwamba umetoka kwenye Maandiko: Mungu akikufungulia mlango wa kazi yenye mshahara mkubwa, kuukataa ni kumkataa Yeye. Tunausikia kwenye ibada za katikati ya wiki na kwenye vikao vya jumuiya, na zaidi tunausikia wakati wa shuhuda. Mtu anasimama, anataja kazi mpya mgodini au kiwandani, na vigelegele vinapigwa. Hatujawahi kumsikia mtu akishuhudia kwamba aliitwa kwenye kazi ya malipo makubwa, akaikataa, na Bwana akamtunza katika kukataa kwake. Sisi tunaoandika haya, wake kwa waume wa jumuiya moja ya Ilemela, tunasema usemi huo si kweli na unaumiza watu.

Unawaumiza hasa wanaorudi kazini. Anayeanza kazi kwa mara ya kwanza haijui kazi, kwa hiyo anaweza kusukumwa na matumaini. Anayerudi anaijua. Mama aliyeacha kazi alipojifungua, na sasa mtoto anatembea, anakumbuka vizuri zamu za usiku zilivyokuwa. Baba aliyepunguzwa mgodini na sasa amepigiwa simu arudi anajua mgongo wake ulivyokuwa mwishoni mwa wiki mbili za zamu. Watu kama hawa wakija kwetu wakiwa wanasitasita, tunawaambia wanakosa imani. Tungejiuliza kwanza kama wanachokosa si imani, na kama walicho nacho ni maarifa ambayo sisi hatuna.

Lakini tuwe waungwana kwa wanaotoa ushauri huo pia. Mji huu una sababu ya kuogopa kukataa kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulipofunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria, viwanda vya minofu ya sangara vilipunguza kazi, na wazee wetu wanakumbuka geti la kiwanda likiwa limefungwa. Halafu ikaja dhahabu. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, na kijana mwenye cheti cha ufundi akaanza kulipwa kuliko mwalimu aliyemfundisha. Mzazi aliyeyaona yote mawili, geti lililofungwa na mwanawe akinunua kiwanja Buswelu, hawezi kuelewa kwa urahisi mtu anayesema, “Ngoja nifikirie.” Tunamheshimu mzazi huyo. Ila hofu yake isivikwe kanzu na kupandishwa mimbarani.

Bwana mwenyewe, katika Luka 14, anamsifu mtu anayeketi na kuhesabu gharama kabla ya kuanza kujenga mnara. Basi na tuketi tuhesabu.

Tuchukue mfano wa muuguzi anayetaka kurudi kazini. Ameitwa mahali pawili. Hospitali binafsi ya mjini itampa shilingi 900,000 kwa mwezi, kwa zamu zinazobadilika, usiku 12 kila mwezi. Zahanati iliyo karibu na kwake itampa 520,000, kazi ya mchana. Kanisani tutasema tofauti ni 380,000, na tutashangaa anachosubiri. Sasa toa asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, kisha toa kodi ya mapato kwa viwango vinavyokatwa kwenye mishahara. Kwenye 900,000 atabaki na 729,500. Kwenye 520,000 atabaki na 452,160. Tofauti imeshuka hadi 277,340, na hajatoka nyumbani bado. Kwa kazi ya usiku atahitaji dada wa kulala na watoto. Tumpe dada huyo 100,000, chakula chake 60,000. Daladala hazimsubiri mtu wa usiku, kwa hiyo bodaboda ya 4,000 mara 12 ni 48,000. Kilichobaki ni 69,340. Ukigawa kwa zile nyakati 12 za usiku, kila usiku mmoja mbali na wanawe unamwingizia kama shilingi 5,800.

Huenda 5,800 kwa usiku inamfaa. Huenda ana ada ya shule ya kidato cha kwanza au mama yake mzazi yuko Bugando. Hilo ni lake na la mumewe na la Mungu wao. Tunachosema ni kwamba aliyemshauri kwa kutazama 380,000 alimshauri kwa hesabu ya uongo, kisha akaigonga muhuri wa Roho Mtakatifu. Na hesabu hii haijaweka usingizi, wala hasira anazorudi nazo nyumbani, wala dawa za presha.

Hapo ndipo tunafika kwenye kosa la pili, nalo tunaliona zito kuliko la kwanza. Mtu akisema kazi inamchosha hadi anatetemeka akiona namba ya msimamizi kwenye simu, tunamwekea mikono na kukemea. Tunaita vita vya adui. Hatuna ugomvi na maombi; sisi wenyewe tunaomba. Lakini someni 1 Wafalme 19. Eliya alikaa chini ya mti na kuomba afe. Malaika hakumhubiria wala hakukemea chochote. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha, akamlisha tena. Na katika Kutoka 18, Musa alikuwa anaamua kesi za watu tangu asubuhi hadi jioni, na mkwewe Yethro alipoona hivyo hakusema hapo pana pepo. Alisema mpango wa kazi ni mbaya, akaeleza namna ya kuugawa. Yethro hakuwa hata mwenyeji wa kambi ile, alikuja kutembelea tu, na bado aliona kwa siku moja kile ambacho wazee wote walikuwa wamekizoea.

Wanaohitaji ushahidi kutoka nje ya Biblia wanao pia. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu zao: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Vifo walivyokadiria kutokana na saa ndefu za kazi, kwa mwaka 2016 peke yake, ni 745,000 duniani kote.

Na mara nyingine kinachoitwa jaribu la imani ni uvunjaji wa sheria wa kawaida kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Zamu ya saa 12 inaruhusiwa kwa makubaliano ya maandishi, si kwa amri ya mdomo. Saa za ziada zisipite 50 katika wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine pawe na mapumziko ya saa 12, na kila wiki pawe na saa 24 mfululizo za kupumzika. Kazi ya usiku, yaani baina ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5. Mama aliyejifungua ana siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi ana haki ya hadi saa mbili kila siku za kunyonyesha. Ni wangapi kati ya mama zetu wamewahi kusikia habari ya zile saa mbili? Tumewafundisha kufunga siku 40, hilo hatukuwafundisha. Mwenye shauri la kudai haki hizi anaweza kulipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwenda huko si kukosa uvumilivu wa Kikristo. Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anasema kilio cha vibarua waliodhulumiwa kinafika masikioni mwa Bwana. Sidhani kama kilio kinachofika huko ni dhambi kukifikisha na mjini, kama alivyosema mama mmoja kati yetu, na tukamwachia neno lake lilivyo.

Watu wa ziwa tungepaswa kulijua jambo la kupumzika kuliko wengi. Mvuvi wa dagaa anategemea giza, maana dagaa hufuata taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu, na mitumbwi inakaa ufukweni. Hapo ndipo nyavu zinashonwa na watu wanalala usiku kama watu wengine, na hakuna anayemwita mvuvi mvivu kwa kuwa mwezi ni mpevu. Hata Bugobogobo, ngoma ya jembe ambayo Wasukuma wanajulikana kwayo, ni kazi iliyopangwa na kundi na mapigo. Mtu halimi peke yake mpaka aanguke. Leo tumejenga maisha yasiyo na mbalamwezi, kisha tunawashangaa waliochoka.

Sasa kuna wenzetu watakaofurahi mpaka hapa kwa sababu isiyo sahihi. Watasema, “Tulijua. Mwanamke akae nyumbani.” Hatujasema hivyo na hatutasema. Mwanamke wa Mithali 31 ananunua shamba na kuuza bidhaa, na wanawake wanaoanika na kuuza dagaa pale Mwaloni Kirumba wamesomesha nusu ya vijana wanaoimba kwaya zetu. Mama anayetaka kurudi kazini kwa sababu anaipenda kazi yake, au kwa sababu anataka pesa iliyo na jina lake, hahitaji ruhusa yetu. Tena mzigo wa kazi yenye mateso unawahusu wanaume vilevile. Wanaume ndio hawasemi. Yakobo alimtumikia Labani miaka 20, akichomwa na jua mchana na kupigwa na baridi usiku, na mshahara wake ukabadilishwa mara kumi. Alipoondoka hakuna malaika aliyemwambia arudi kwa kuwa malipo yalikuwa mazuri.

Wala hatuwasemei wasio na uchaguzi. Kibarua anayesimama kiwandani kwenye sakafu yenye maji na baridi, kisu mkononi, kwa malipo ya siku, haulizwi kama anapendelea utulivu. Kumwambia fedha si kitu ni matusi. Mhubiri anasema, katika sura ya nne, kwamba konzi moja yenye utulivu inashinda konzi mbili zenye taabu. Lakini lazima ile konzi moja iwepo. Kwa ndugu wa namna hiyo ushauri wetu ni mwingine: chukua kazi yenye malipo makubwa, ila weka muda. Sema ni miezi 18, au ni mpaka deni la SACCOS liishe, mwambie mwenzi wako na mtu mmoja wa jumuiya akukumbushe, na usiongeze deni jingine kwa kuegemea mshahara huo. Mshahara mkubwa unawafunga watu kwa mkopo kuliko kwa mkataba. Aliyekopa kwa kipato cha mgodini hawezi tena kuhamia kwenye kipato cha zahanati, hata akiugua.

Mpaka hapa tumewasema wahubiri, washauri na waajiri wa nje. Limebaki moja, na ndilo lililotufanya tuandike.

Kanisa nalo ni mwajiri. Makanisa ya kanda hii yana zahanati, shule, hosteli na chekechea. Muuguzi wetu akikimbilia malipo makubwa ya mjini tunasema amependa dunia. Akibaki kwetu kwa 520,000 tunamwambia ana wito, na neno hilo wito linafanya kazi ambayo fedha ingepaswa kuifanya. Kazi ya utulivu kwa malipo madogo ni uchaguzi wa haki pale tu utulivu unapokuwa wa kweli. Tukimlipa kidogo, halafu tukamwita Jumapili alasiri “kwa ajili ya huduma,” halafu mshahara ukachelewa hadi tarehe 15 kwa sababu mchango wa ujenzi umepungua, basi amepata malipo ya zahanati na mateso ya hospitali, na tumemnyima hata haki ya kulalamika kwa kuwa anayelalamika analalamikia kazi ya Mungu. Kumbukumbu la Torati 24 linaagiza mfanyakazi alipwe kabla jua halijazama. Halikuweka msamaha kwa wanaojenga hekalu.

Kwa hiyo tunaliomba baraza la wazee mambo matatu kabla bajeti ya mwaka ujao haijapitishwa. Kila aliyeajiriwa na kanisa awe na mkataba wa maandishi unaotaja saa zake. Mishahara itoke kwanza, ujenzi ufuate. Na jumuiya zipange zamu ya kulala na watoto wa wenzetu wanaofanya kazi usiku, maana kwa muuguzi wa mfano wetu hilo peke yake ni 160,000 kwa mwezi, kuliko ushauri wowote tutakaompa. Orodha ya wafanyakazi si ndefu. Ikianzwa na mlinzi wa geti letu, itaonekana kwamba analinda usiku saba kwa wiki.