HDMI: namba mpya, shida ile ile

Nimekuwa kimya kidogo. Sababu ni kebo.

Mwezi uliopita nilijinunulia skrini ya 4K ya mtumba, macho yapate nafuu ninapoandika programu hapa Matasia. Nikaichomeka kwenye laptopu kwa HDMI. Picha safi kabisa, lakini kishale cha mausi kilirukaruka kama chura. Nikapanda matatu hadi mjini. Muuzaji akanipa kebo nene: "Boss, hii ni 2.1, hiyo shida imeisha." Nikalipa shilingi 1,500. Nikarudi, nikachomeka. Chura bado yupo.

Ndipo nikakaa chini kupiga hesabu, jambo nililopaswa kufanya kabla ya safari. Skrini ya 4K ina nukta 3840 kwa 2160, karibu milioni 8.3. Kila nukta ni biti 24. Ukitaka picha 60 kwa sekunde, ni karibu biti bilioni 12. Tundu la laptopu yangu ni HDMI 1.4, toleo la mwaka 2009: bilioni 10.2 kwa sekunde, na ukitoa za usimbaji hubaki kama 8.2 za picha yenyewe. Hazitoshi, basi laptopu ikatuma picha 30 tu. Toleo 2.0 la 2013 hubeba bilioni 18, na 2.1 la 2017 hubeba 48, lakini kebo ni barabara tu. Ukipanua barabara, gari bovu haliongezi mwendo.

Ujinga wangu naukubali. Kinachoniudhi ni hizi namba. Mwishoni mwa 2021 ilijulikana kwamba kifaa chenye uwezo wa 2.0 tu kinaweza kuandikwa 2.1, kwa sababu wasimamizi wa HDMI walisema 2.0 haipo tena na mambo mapya ya 2.1 ni ya hiari. Jamani! Mimi nikikuuzia toleo jipya la programu lisilo na jipya hata moja, utaniita tapeli, na utakuwa sahihi.

Watasema HDMI mpya huelewana na ya zamani. Kweli, na ni jambo jema. Kenya ilianza matangazo ya dijitali mwaka 2009 kwa DVB-T, kisha ikahamia DVB-T2, na king'amuzi cha kwanza kikawa pambo la meza. Lakini kioo cheusi angalau hukuambia ukweli. HDMI hukuonyesha picha, halafu hukunyima nusu yake kimyakimya.

Sasa toleo 2.2 limetoka mwaka 2025, bilioni 96. Kabla hujatoa pesa, usiulize "ni toleo gani?" Uliza: ni picha ngapi kwa sekunde, kwa nukta ngapi, na je, vifaa vyote viwili vinaweza? Kwenye kebo tafuta jina, kama Ultra High Speed, na lebo yake ya kuskani kwa simu. Kebo hazitakiwi hata kuuzwa kwa namba ya toleo.

Mimi nimeshusha skrini hadi 2560 kwa 1440, picha 60. Chura ametulia, bila senti moja. Kebo ya 1,500 iko kwenye droo, inanisubiri ninunue laptopu nyingine.

Je, wewe umeuziwa namba gani?