Binti Aliyenyamaza



Juma lililopita, baada ya Swala ya Isha, tulikwenda nyumbani kwa mzee wetu mmoja hapa Ujiji, daftari la msikiti kwapani, ili tuandike tarehe ya nikah ya binti yake. Tuliikuta familia nzima mbele ya televisheni, ikitazama filamu ya Kihindi. Tukaona ni utovu wa adabu kutaka izimwe katika nyumba ya mwenyewe, tukaketi.

Filamu yenyewe ni Bride and Prejudice ya mwaka 2004. Aliyeiongoza, Gurinder Chadha, alizaliwa Nairobi, na kisa amekichota katika riwaya ya Jane Austen wa Uingereza iliyochapishwa mwaka 1813. Ngoma na mavazi yake hatuyatetei. Kisa, hata hivyo, kilitushika: mama wa Amritsar ana mabinti wanne wa kuozesha, na anakuja Bwana Kohli, mwenye mali huko California, kutafuta mke. Lalita anamkataa. Katika kitabu cha Austen mama huwaka moto kwa kukataa huko, na baba ndiye anayemkingia bintiye kifua.

Hapo bibi harusi mtarajiwa aliinuka akaenda jikoni, wala hakurudi.

Mchumba wake ni mfanyabiashara wa Dar es Salaam, rika la babake. Mahari imekwisha kupokelewa, na sehemu yake imenunua injini ya mtumbwi wa dagaa. Tukauliza, "Mzee wangu, binti ameulizwa?" Akajibu, "Katibu, alinyamaza. Na kunyamaza si ndiyo ridhaa?"

Ni kweli, Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba idhini ya mwanamwali ni kunyamaza kwake, kwa sababu ya haya. Lakini mafundisho hayo yanaanza na amri ya kumwomba idhini, na kimya hakiwi jibu pasipo swali. Imamu Bukhari amepokea pia kisa cha Khansaa binti Khidham, aliyeozeshwa na babake naye hakupenda. Alipomwendea Mtume, ndoa ile ilibatilishwa. Wenye elimu watatukumbusha kuwa Khansaa alikwisha kuolewa kabla, na kwamba wanazuoni wa Kishafii humpa baba nafasi pana zaidi kwa mwanamwali. Tunalijua hilo. Hata wao wamependekeza aombwe idhini, tena mama yake amchunguze moyo wake, maana msichana hamwambii babake kila kitu.

Kuhusu mahari tulisema kwa sauti ya chini, wageni tulivyo: ni haki ya binti, aliyopewa na Mola wake katika Suratun Nisaa, si mtaji wa nyumba.

Mzee alitazama mkeka muda mrefu. Kisha akamwita mkewe, akamnong'oneza, naye akaenda jikoni na kufunga mlango. Daftari tulilirudisha kwapani bila tarehe. Tumeahidiwa jibu kabla ya Ijumaa, na injini, tunasikia, inatafutiwa mnunuzi Kibirizi.