JINA NA MAANA YAKE: Sharubu la paka ndani ya redio

Mwezi huu tunaingia ndani ya redio. Ndiyo inatuletea habari za kwetu tulikotoka, na watoto hawachoki kuuliza: sauti inaingilia wapi?

Sauti inabebwa na mawimbi tusiyoyaona. Lazima kuwe na kitu cha kuyatambua. Mwaka 1890, Mfaransa Édouard Branly aliona kwamba unga wa chuma ndani ya kichupa haupitishi umeme vizuri, lakini cheche ikiruka karibu, unapitisha. Mwaka 1894 Oliver Lodge wa Uingereza akakiita kifaa hicho kohira, kutoka neno la Kilatini la kushikamana, kwa sababu chembe zile zinashikamana. Shida yake ni moja: kila mara lazima ukigonge ndipo ziachane.

Baadaye likaja jiwe linaloitwa galena. Jagadish Chandra Bose wa India alipata hakimiliki ya kulitumia huko Marekani mwaka 1904. Mafundi waligusa jiwe kwa waya mwembamba, wakipapasa polepole mpaka sauti isikike. Waya ule ulifanana na sharubu la paka, basi ukaitwa hivyo. Redio hiyo haikuhitaji betri hata moja! Nguvu ya mawimbi yenyewe ilitosha kwa mtu mmoja aliyeweka kisikilizio sikioni. Mwaka 1944 kule Anzio, Italia, askari walitengeneza za kwao kwa wembe na ncha ya penseli.

Mjukuu wa sharubu hilo ni dayodi, jina la mwaka 1919 kutoka Kigiriki, maana yake njia mbili, kwa kuwa ina ncha mbili. Lakini umeme inaupitisha upande mmoja tu. Katika sola nyingi ndiyo inazuia umeme usirudi kwenye paneli usiku.

Wazazi, mtoto akifungua redio mbovu, msikimbilie fimbo. Hakikisheni betri zimetolewa na haijachomekwa kwenye umeme, halafu mwambieni jina la kila kitu mnachokijua. Galena asiichezee, ina risasi, ni sumu. Watu wale walianza na unga wa chuma na kichupa tu. Mtoto wako naye anaanza na redio mbovu.

Tuonane mwezi ujao.