Asidi ya Shamba Imejificha, Tuache Kubahatisha

Mathe wangu hulima nusu ekari ya kukodi nje kidogo ya Kitale. Tukirudi Tuwan jioni na matope miguuni, swali ni moja tu: tutavuna magunia mangapi? Msimu mmoja mahindi yalidumaa, majani yakawa zambarau. Jamaa mmoja akaja na kamashine kadogo, akakachomeka kwenye udongo, akasema, "Mama, hapa kuna asidi. Weka mfuko mmoja wa chokaa." Tukaweka. Wapi!

Mimi niliacha chuo karo iliponishinda, lakini somo moja la kemia halijanitoka kichwani. Asidi ya udongo hukaa mahali pawili. Kuna ile ya kwenye maji ya udongo, ndiyo kamashine husoma kikakupa pH. Halafu kuna ile iliyoshikwa juu ya chembe za mfinyanzi na mboji, nayo huwa nyingi zaidi. Ukiweka chokaa kidogo, ya majini inapungua, kisha chembe zinaachilia nyingine. Ni kupangusa sakafu huku mfereji unavuja.

Wenye viwanda vya mafuta hawachezi hivyo. Miaka ya 1930, Mfaransa Eugène Houdry alitumia mfinyanzi uliotiwa asidi kuvunja mafuta mazito yawe petroli. Siku hizi wataalamu wa vichocheo hupitisha gesi ya amonia juu ya chembe, inanata penye asidi, kisha wanapasha moto na kuhesabu inayotoka. Wanajua asidi ni nyingi kiasi gani na kali kiasi gani. Sasa niambie, mfinyanzi wa kiwandani upimwe hivyo, ule unaotupa ugali upimwe kwa kukisia?

Na kwa udongo kazi ni rahisi zaidi. Maabara inautikisa ndani ya maji ya potasiamu kloraidi. Potasiamu inaisukuma asidi itoke kwenye chembe, halafu alkali inadondoshwa tone kwa tone mpaka rangi ibadilike. Hapo ndipo unajua chokaa ni kiasi gani. Mashamba mawili yanaweza kuwa na pH 5 yote, lakini la mfinyanzi likahitaji chokaa nyingi kuliko la mchanga.

Sisi wa Trans Nzoia na Bungoma hatuna ruhusa ya kupuuza. Tunamwaga DAP kila msimu, na bakteria wakigeuza amonia yake kuwa naitreti, asidi inabaki. pH ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu inaanza kuyeyuka na kuumiza mizizi, na fosforasi tuliyonunua kwa jasho inafungwa. Majani ya zambarau ndiyo kilio chenyewe.

Najua utaniuliza, hela ya maabara itoke wapi? Swali la haki. Lakini chokaa ya kubahatisha nayo ni hela, na msimu uliopotea haurudi. Majirani wenye mashamba ya udongo mmoja wachange. KALRO wako hapa hapa Kitale. Kaunti nayo isitangaze tu mbolea ya bei nafuu, ilipie vipimo, na ifunze vijana wa mtaani kuchukua sampuli. Wengi wetu tuko na nguvu na hatuna kazi.

Akija mtu na kamashine, muulize swali moja: "Hii umepima ya majini, ile ya kwenye chembe je?" Akinyamaza, weka pesa yako mfukoni.