Nyumba Ikibomolewa, Hesabu Iko Wapi?

Kwa miaka kadhaa, tamko la mazingira la boriti ya mbao, yaani hati ya mtengenezaji inayoeleza uchafuzi wa bidhaa yake, liliweza kutolewa Ulaya likiwa na namba hasi, kana kwamba kila boriti inayotoka kiwandani inaipunguzia anga hewa ukaa. Namba yenyewe haikuwa ya uongo, ila ilikatishwa njiani. Mti ulifyonza kaboni ulipokuwa ukikua, kisha hesabu ikafungwa kwenye lango la kiwanda, kabla boriti haijachomwa au kuozea damponi na kuirudisha kaboni hiyo hewani.

Kiwango cha Ulaya kinachoongoza matamko hayo, EN 15804, kilirekebishwa mwaka 2019. Kwa toleo hilo jipya, karibu kila bidhaa ya ujenzi lazima itangaze moduli C: kubomoa, kusafirisha kifusi, kuchakata na kutupa. Lazima itangaze pia moduli D, yaani faida na hasara zinazotokea nje ya jengo, kama chuma chakavu kinapoyeyushwa kuwa nondo mpya. Kaboni iliyoingizwa kwenye hesabu ya mbao mwanzoni sasa lazima itolewe mwishoni. Marekebisho hayo yalichelewa, lakini yalihitajika.

Ugumu uko kwenye kukisia. Tamko linaandikwa leo kwa jengo litakalosimama miaka 50 au zaidi, na mtengenezaji ndiye anayesema bidhaa yake itaishia wapi. Chukua aluminiamu. Kuyeyusha chakavu hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kutengeneza aluminiamu mpya kutoka kwenye madini, hivyo moduli D yake huvutia sana. Lakini faida hiyo imepimwa kwa umeme wa sasa. Umeme wa baadaye ukiwa safi, aluminiamu mpya nayo itachafua kidogo, na kinachookolewa kwa kuyeyusha chakavu kitapungua. Uchafuzi wa kutengeneza fremu ya dirisha ya aluminiamu leo, kwa upande wake, umeshaingia angani. Ndiyo maana kiwango kinataka moduli D iandikwe peke yake. Msanifu anayeichanganya na uchafuzi wa kiwandani ili jengo lake lionekane safi anakopa kutoka kwa wajukuu bila kuwauliza, na hesabu yake haifai kupokelewa.

Asilimia nazo hudanganya. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliagiza kwamba kufikia 2020 asilimia 70 ya taka za ujenzi na ubomoaji zisizo hatari zitumike tena au zirejelezwe, na agizo hilo linahesabu hata kifusi kinachojazwa mashimoni. Zege lililosagwa na kutandazwa chini ya barabara linaokoa kokoto. Haliokoi saruji, na saruji ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya hewa ukaa ya zege. Tani zinapendeza kwenye ripoti huku tanuri za saruji zikiendelea kuwaka vilevile.

Huko Copenhagen, wajenzi wa nyumba za Resource Rows walitaka kutumia tena matofali ya majengo ya zamani, yakiwemo ya kiwanda cha bia cha Carlsberg. Tofali lililojengewa kwa chokaa hubanduka likiwa zima. Lililoshikwa na saruji hupasuka kabla saruji haijaachia. Ikabidi kuta zikatwe vipande vya mraba na kupachikwa kama paneli. Kilichoamua hatima ya tofali, basi, ni kile kilicholiunganisha na mwenzake, jambo ambalo tamko la tofali peke yake haliwezi kulionyesha. Mafundi wa pwani waliojenga Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa mawe ya matumbawe na chokaa wangelielewa hilo upesi.

Suala hili linaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa sababu bidhaa ikisafirishwa kutoka Ulaya tamko lake husafiri nayo, likiwa limeandikwa kwa kudhani mitambo na madampo ya huko. Dar es Salaam nyumba ikibomolewa, mabati, milango na madirisha hupata wanunuzi mapema, na nondo hunyooshwa kwa nyundo zikarudi kazini. Matumizi hayo ya pili hayamo katika tamko lililoandikwa kwa ajili ya Ulaya. Wala tamko hilo halionyeshi kitakachotokea vipande vya jipsamu vikifukiwa pamoja na taka zinazooza: vikilowa na kukosa hewa, bakteria huvigeuza kuwa hidrojeni salfaidi, gesi yenye sumu. Mamlaka zinazoanza kudai matamko haya katika zabuni zidai moduli C iandikwe upya kwa kufuata jinsi ubomoaji unavyofanyika mahali jengo lilipo, na mafundi wabomoaji wawe wa kwanza kuulizwa.